Mji Mmoja, Halmashauri Tano: Mwenye Mji ni Nani?

Wananchi, kabla sijafika mbali nataka kuwauliza swali dogo. Mtu anayekaa Mbagala, anakaa katika Jiji la Dar es Salaam au hakai? Na wa Tegeta je? Na wa Kimara? Na yule wa Kigamboni ambaye kila alfajiri hupanda pantoni kuvuka kuja kutafuta riziki yake, tumwite mtu wa Jiji au mtu wa shamba?

Msijibu upesi. Kwa karatasi za Serikali wote hao si watu wa Jiji. Tangu mwezi wa Februari mwaka 2021 jina la Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni la Ilala peke yake. Temeke ni manispaa na meya wake, Kinondoni ni manispaa na meya wake, Ubungo kadhalika, na Kigamboni kadhalika. Halmashauri tano, mameya watano, wakurugenzi watano, vitabu vya bajeti vitano. Na juu yao, kama baraza la wawakilishi wa watu la kuwakutanisha kwa mambo ya mji mzima, hapana kitu.

Mimi sina ugomvi na Ilala kwa kupewa jina. Wala sina kiu ya kuona meya mmoja zaidi akivaa joho na mkufu. Ninalolililia ni kwamba mji huu una mambo ambayo hayawezi kukatwa vipande vitano, na mambo hayo leo hayana mwenyewe ambaye kabwela anaweza kumwendea, akamwuliza, na asiporidhika akamnyima kura.

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Ile ya mwaka 1967 ilikuta laki mbili na elfu sabini hivi. Maana yake ni kwamba katika umri wa mtu mmoja, ambaye hata hajawa mzee wa kushika mkongojo, mji umekua karibu mara ishirini. Nao haukukua kwa kufuata mipaka ya wilaya. Ulifuata barabara: ya Morogoro, ya Pugu, ya Kilwa, ya Bagamoyo. Leo umekwisha kuingia Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, ambako si Mkoa wa Dar es Salaam hata kidogo, ni Pwani. Mtu hujenga Vikindu au Mapinga kwa kuwa kiwanja huko ni nafuu, lakini mkate wake uko Kariakoo au Posta. Huyo ukimwuliza yeye ni wa wapi, atakujibu, "Mimi wa Dar." Naye hasemi uongo.

Basi hebu tuanze na maji, maana maji ndiyo yanayotuumbua kila mwaka.

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Hushuka, hupokea vijito, hupita kati ya nyumba za watu, hufika Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Salenda. Njiani hupita penye Ilala, hugusa Ubungo, huwa mpaka kati ya Ilala na Kinondoni. Sasa, mtu akikata miti kilimani, mchanga hujaza mto bondeni. Mtaa wa juu ukitupa taka mtoni, daraja la chini ndilo huziba. Kiwanja kikigawiwa kingo za mto upande mmoja, maji hugeukia upande wa pili na kula nyumba za watu ambao hawakutia saini karatasi yoyote. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mafuriko yaliua watu makumi, na wengi waliokolewa wakiwa juu ya mapaa. Waliohamishwa bondeni walipelekwa Mabwepande. Mwaka 2018 maji yakarudi. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, kituo chao cha Jangwani kimezama mara nyingi kiasi kwamba watu wa mji wamekwisha kufanya utani.

Nauliza: mto huu ni wa diwani gani? Diwani wa Ilala atakuonyesha ng'ambo. Diwani wa Kinondoni atakuonyesha ng'ambo. Wote wawili wakikuonyesha kwa kidole, utajikuta umesimama katikati ya maji.

Na jambo hili si la mito mikubwa tu. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka barua kwa ajili ya mtaro mmoja ulioziba, unaopita mpakani mwa halmashauri mbili ambazo sitazitaja. Afisa wa upande mmoja alinipokea vizuri, akanipa kiti, akafungua ramani na kuniambia kwa upole kwamba mtaro ule ni wa wenzetu. Nikaenda kwa wenzetu. Huko sikupewa kiti, lakini ramani ilifunguliwa vilevile, na mtaro ukarudishwa kwa wale wa kwanza. Mvua zilinyesha zikakoma. Majirani tukachanga shilingi, tukakodi vijana wenye majembe, tukazibua sisi wenyewe. Sijutii kazi ile, maana kujitolea si aibu. Lakini vijana wale walizibua nusu ya mtaro, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa ng'ambo ya barabara na watu wa huko hawakuchanga.

Tutazame taka. Wazee wa Tabata wanakumbuka. Taka za mji mzima zilikuwa zikimwagwa kwao, zikichomwa, na moshi ukiingia vyumbani usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji. Wakashinda. Halmashauri ikavutavuta miguu, lakini hatimaye jalala la Tabata likafungwa. Taka zikahamia Vingunguti. Kutoka Vingunguti zikahamia Mtoni, Temeke, karibu na maji. Kutoka Mtoni zikahamia Pugu Kinyamwezi. Kila zilipokwenda zilikuta watu, na watu hao hawakuwa matajiri. Sijasikia jalala la mji huu likipelekwa Masaki au Oysterbay.

Nimeikumbusha habari ya Tabata kwa sababu moja. Watu wale walijua nani wa kushtakiwa. Mji ulikuwa na halmashauri moja, mbaya au nzuri, na jina lake liliandikwa juu ya karatasi ya mashtaka. Leo gari la taka kutoka Bunju husafiri zaidi ya kilomita arobaini kufika Pugu, likipita katika maeneo ya halmashauri nyingine, likidondosha maji machafu njia nzima. Mwananchi wa njiani akitaka haki yake, aandike jina la nani? La halmashauri iliyokusanya? La ile iliyopitiwa? La ile yenye jalala?

Tena kuna maradhi. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Kinondoni mwezi wa Agosti. Hakikungoja kibali. Kikaingia Ilala, kikaingia Temeke, kisha kikashika njia ya mikoa.

Sasa kuna msomaji ambaye atasema, "Ndugu, mbona baraza la mji mzima lilikuwapo na likatushinda?" Ni kweli, na haifai kuficha. Historia yetu katika jambo hili ni ya kujenga na kubomoa. Mwaka 1972 tulianzisha mpango wa madaraka mikoani, na serikali za mitaa zikavunjwa. Mabaraza ya miji nayo yakafuata. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana, na kipindupindu kilipozuka nchini mwaka 1977 kilikuta miji haina wa kuisafisha. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri wazi kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Ni viongozi wachache wanaosema neno kama hilo wakiwa bado wamo madarakani.

Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, maana mambo yalikuwa yameharibika kwelikweli, na ikawekwa Tume ya Jiji. Tume ilifanya kazi, watu wakaona barabara na usafi. Ila hapakuwa na mwananchi hata mmoja aliyeipigia kura. Mwaka 2000 ukaja mpango mpya: manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji ya kuangalia mambo ya pamoja. Baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke, zikawa tano. Kisha ikaja Februari 2021, na halmashauri ile ya juu ikavunjwa.

Waliovunja walitoa sababu zao. Walisema halmashauri ile haina eneo lake, madiwani wake hawakuchaguliwa moja kwa moja na watu bali waliletwa na manispaa, na fedha zinazochangwa huishia katika vikao na posho. Mimi nasema sababu hizo zilikuwa na ukweli ndani yake. Baraza la namna ile lilikuwa kama mtoto wa kambo, likila kwa majirani. Manispaa zilichanga zilipopenda, zilichelewa zilipopenda, na meya wa Jiji hakuwa na mtaa hata mmoja ambao ungeweza kumuuliza wakati wa uchaguzi.

Lakini chombo kikivuja huvutwa pwani kikatiwa kalafati. Hakichomwi moto, abiria wakaambiwa kila mtu aogelee na ubao wake. Mambo yaliyokuwa mikononi mwa halmashauri ile hayakuvunjwa pamoja nayo. Jalala la Pugu halikuvunjwa. Mto haukuvunjwa. Kituo kikubwa cha mabasi cha Mbezi Luis, kilichojengwa na Halmashauri ya Jiji ndani ya eneo la Ubungo kwa faida ya mji mzima na ya nchi nzima, kilifunguliwa mwezi uleule mjenzi wake alipoondolewa.

Naijua hoja ya pili. Husemwa kwamba yuko Mkuu wa Mkoa, naye huita wakurugenzi wote watano mezani. Ni kweli huwaita. Lakini Mkuu wa Mkoa huteuliwa, hachaguliwi, na akihamishwa kesho mipango yake huhama naye. Tena mamlaka yake hukoma mpakani mwa mkoa, nami nimekwisha kueleza kwamba mji haukukoma hapo. Chanzo cha Msimbazi kiko Pwani. Utamwitaje mezani Mkurugenzi wa Kisarawe ambaye bosi wake ni Mkuu wa Mkoa mwingine?

Hoja ya tatu ina nguvu zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike. Husemwa: mambo makubwa yamekwisha kupata wenyewe. Barabara za mitaa zimechukuliwa na TARURA tangu mwaka 2017. Maji na maji machafu ni ya DAWASA. Mabasi ya mwendokasi ni ya DART. Ruhusa za daladala ni za LATRA. Basi baraza la nini?

Tuanze na DAWASA, maana inatufundisha kitu. Maji tunayokunywa hutoka Mto Ruvu, huvutwa na kusafishwa huko Mlandizi na Bagamoyo, yaani Pwani, halafu huja kunyweka katika halmashauri zetu zote tano na njiani huwanywesha watu wa Kibaha. Hapana anayesema Ruvu ni ya Kibaha peke yake. Shirika moja, mikoa miwili, bomba moja. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba kuvuka mpaka wa mkoa kwa ajili ya kazi ya pamoja ni jambo lisilowezekana. Tunalifanya kila siku tunapofungua bomba.

Lakini tazama mwisho wa kamba. Bodi ya shirika huteuliwa na Waziri. Wakala wa barabara hutazama wizarani. Wa mabasi hutazama wizarani. Kila mmoja ana kazi yake, na wengine huifanya vizuri. Ila kila mmoja ana bwana wake, na mabwana hao wako Dodoma. Mpango wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo mwaka 2022, ni mpango mzuri na ulikuwa umechelewa. Nani aliyeubeba? Serikali Kuu. Manispaa zilishirikishwa, kama asemavyo mwenye shughuli juu ya mgeni aliyekaribishwa chai. Ndugu zangu, tulipodai kujitawala hatukudai tu kwamba anayeamua awe mweusi. Tulidai aamuaye aweze kuulizwa na yule anayeamuliwa. Ikiwa mtu wa Manzese akitaka kujua kwa nini basi halifiki kwake yapasa aandike barua Dodoma, basi madaraka ya mji huu yamepanda treni na kwenda zake.

Wenzetu wengine wamepita njia hii, na makosa ya mwenzio ni shule isiyolipiwa karo. Mwingereza, ambaye alitufundisha kuvaa mikufu ya umeya, mwenyewe aliikosea London. Tangu mwaka 1965 mji ule ulikuwa na Baraza Kuu juu ya halmashauri zake 32 na ile ya mji wa kale. Serikali ya Bibi Thatcher ikagombana na baraza hilo, na mwaka 1986 ikalivunja. Kazi zake zikagawanywa: nyingine kwa halmashauri ndogo, nyingine kwa wizara, nyingine kwa bodi na kamati ambazo majina yake wakazi hawakuyajua. Kwa miaka 14 mji mmoja katika miji mikubwa ya dunia haukuwa na baraza la kuuongoza wote. Mwaka 1998 wakazi wakaulizwa kwa kura, wakasema wanataka. Na mwaka 2000 wakapata meya wa London nzima, aliyechaguliwa na watu wenyewe, na wajumbe 25 wa kumhoji. Sasa angalia walichompa na walichomnyima. Walimpa usafiri, ramani kuu ya mji, na mambo ya namna hiyo. Kuzoa taka mlangoni kwa mtu kulibaki kwa halmashauri ndogo, zilizo karibu naye. Hapo ndipo penye akili.

Kule Lyon, Ufaransa, walikuwa na ugonjwa wetu uleule. Halmashauri zaidi ya hamsini ziliungana katika chombo kimoja tangu miaka ya 1960, na wajumbe wake waliletwa na halmashauri, hawakuchaguliwa na watu. Manung'uniko yakawa yaleyale: wanakaa, wanakula, hatuwajui. Hawakukivunja. Mwaka 2015 wakakipa nguvu zaidi, na mwaka 2020 wajumbe wake wakachaguliwa moja kwa moja na wananchi. Ile sababu iliyotumiwa kwetu kuua, kule ilitumiwa kutengeneza.

Karibu na nyumbani, Nairobi hunywa maji ya bwawa la Ndakaini lililoko Murang'a, na viongozi wa Murang'a wamedai mara nyingi wapewe sehemu ya mapato, kwa sababu mlima ni wao na bomba ni la wengine. Kwa usafiri Kenya iliunda mwaka 2017 mamlaka moja ya kuihudumia Nairobi pamoja na kaunti za Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mawazo yale yalikuwa sawa: daladala, ambayo wao huiita matatu, haisimami kwenye mpaka wa kaunti. Lakini mwaka 2020 kazi kubwa za kaunti ya Nairobi zilikabidhiwa ofisi iliyoongozwa na jenerali wa jeshi, mpaka mwaka 2022. Barabara zingine zilitengenezwa, visima vikachimbwa. Ofisi ikaondoka, na wananchi wakabaki wakiuliza nani alikuwa amemchagua jenerali. Hiyo ni Tume yetu ya mwaka 1996 kwa jina jingine.

Basi mimi nataka nini? Nataka Dar es Salaam na majirani zake wawe na Baraza la Pamoja, lenye kazi chache zilizoandikwa katika sheria, lisiweze kuziongeza lenyewe. Mito na mitaro mikubwa, kuanzia kilimani hadi baharini. Majalala na njia za kuyafikia. Usafiri wa watu wengi na vituo vyake. Na ramani kuu ya mji, maana ile ya mwaka 1979 ilikaa zaidi ya miaka thelathini bila mrithi huku watu wakijenga mabondeni, na ramani isiyo na baraza la kuitetea ni pambo la ukutani. Masoko, zahanati, shule za msingi, leseni za biashara na mitaro ya mitaani vibaki kwa halmashauri tano kama vilivyo. Baraza likigusa genge la mama ntilie, liambiwe lirudi kwenye mto.

Fedha zake zisiwe za kuombaomba. Sheria itaje sehemu ya mapato ambayo huingia katika mfuko wake moja kwa moja, kabla halmashauri yoyote haijaishika mkononi. Na sheria hiyohiyo itaje posho, iwe ndogo, ili anayependa vikao kuliko kazi aone njaa.

Kuhusu viti, hapa yapasa tufanye hesabu, maana ndipo penye ugomvi. Ilala ina watu 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328, na Kigamboni 317,902. Ukisema kila halmashauri kura moja, mtu mmoja wa Kigamboni amekuwa na uzito wa watu watano wa Ilala, na hiyo si haki. Ukisema kura zifuate vichwa tu, Ilala na Temeke peke yao wamezidi nusu. Wanaweza kukaa wawili, wakakubaliana jalala liende Kigamboni, na Kigamboni hana la kufanya ila kulia. Huko Vancouver, Canada, ambako halmashauri jirani zina baraza la namna hii tangu mwaka 1967, kura hupimwa kwa idadi ya watu, lakini mjumbe mmoja huwekewa kikomo cha kura. Sisi twaweza kuweka yetu: jambo kubwa kama jalala au njia ya mabasi lipite likikubaliwa na wajumbe wa watu walio wengi na pia na halmashauri zisizopungua tatu. Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo wapewe viti kwa mambo yanayowahusu. Wasipewe kwa hisani. Kilima kiko kwao.

Na wajumbe wachaguliwe na watu, siku ileile ya kuchagua madiwani. Hilo sitalipunguza hata kidogo. Baraza lisilochaguliwa tumekwisha kulijaribu kwa sura zote, la kuteuliwa na la kuletwa.

Najua sheria huchukua muda, na Bunge lina mengi. Lakini hapana sheria inayomkataza meya wa Kinondoni kumpigia simu meya wa Ilala. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 haziwazuii majirani kuunda kamati ya pamoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa kwetu vidole vitano vyote vipo, ila kila kimoja kimekaa kwenye mkono wake. Waanze na mto mmoja. Waanze na fungu moja dogo la fedha katika kila bajeti, liitwe kwa jina la Msimbazi, litumike popote mto unapohitaji, bila kuuliza ng'ambo ni ya nani.

Masika huanza mwezi wa Machi. Makisio ya fedha ya halmashauri huandaliwa kabla ya hapo, katika vikao ambavyo wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza, ingawa ni wachache wanaokwenda. Nendeni. Na diwani wenu akija mtaani kuwaeleza habari ya madawati na zahanati, msikilizeni kwa adabu mpaka amalize, kisha mwulizeni katika bajeti ya halmashauri yake mto uko ukurasa wa ngapi.